Kabla ya Kuwagawa Watoto kwenye Vikundi

Fungua andalio la somo katika shule nyingi za msingi hapa Mombasa, iwe Likoni, Changamwe au Kisauni, na kwenye nafasi ya mbinu za ufundishaji utakuta maneno yaleyale: majadiliano katika vikundi, maswali na majibu, ugunduzi, mradi. Hisabati imeandikiwa hivyo, Sayansi hivyo, na Kiswahili vivyo hivyo. Sijamwona bado mwalimu anayeamini kwa dhati kwamba kujumlisha nusu na theluthi hufundishwa kwa njia moja na kuandika barua ya kirafiki. Anaandika hivyo kwa sababu nafasi ipo na lazima ijazwe, na kwa sababu tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 limeenea wazo kwamba mbinu bora ni ile inayomweka mwalimu kando. Akisimama mbele akaeleza, huyo ni wa kizamani, ni wa 8-4-4, mfumo uliotangulia. Akizunguka kati ya madawati huku watoto wakipiga gumzo, huyo ndiye wa kisasa.

Wazo hilo limetupotosha. Majadiliano hayana ubaya wowote. Ubaya uko kwenye swali tunaloanzia. Tunauliza nani anaongea darasani, ilhali la kuuliza ni hili: mtoto huyu, juu ya jambo hili, tayari anajua nini? Jibu lake ndilo linalochagua mbinu. Nalo hubadilika kutoka mada hadi mada, darasa hadi darasa, hata kutoka Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki moja.

Chukua somo la Gredi ya 6 la kujumlisha sehemu ambazo namba zake za chini hazilingani. Mwalimu ana watoto 60. Anawagawa kwenye vikundi kumi vya watoto sita sita, kila kikundi kinapewa karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, na swali liko ubaoni: 1/2 + 1/3. Haya, gundueni. Kisogelee kikundi kimoja uone kazi inavyokwenda. Kalamu ni moja, kwa hiyo anayeandika ni mmoja, na aghalabu ni yuleyule wa jana. Pembeni yake yupo anayemwambia andika hivi, andika vile. Wawili wanachora maua kwenye pambizo. Mmoja macho yake yako nje. Wa sita anajipepea kwa daftari, maana bati la juu limeshaanza kupata moto. Baada ya dakika kumi manila imejibu: 2/5. Wamejumlisha za juu, wakajumlisha za chini. Hakuna aliyeona kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo, yaani wameongeza kitu kikapungua. Na kwa kuwa wote sita wamekubaliana, kosa sasa lina mashahidi.

Tupige hesabu ya muda pia, maana hii haipigwi kwenye warsha za walimu. Kipindi cha ngazi ya juu ya shule ya msingi ni dakika 35. Kuhamisha madawati na kugawa manila kumekula tano. Vikundi kumi vikiwasilisha kwa dakika mbili mbili, zimekwenda 20. Zilizobaki kumi ndizo za majadiliano yenyewe. Mwalimu hana hata moja ya kueleza kwa nini 2/5 si jibu, na kengele ikilia mwalimu wa kipindi kinachofuata yuko mlangoni.

Mwalimu mwingine, mada ileile. Anaikunja karatasi mbele ya darasa ikawa vipande sita sawa. Anatia rangi vitatu: hii ni nusu. Anatia rangi vingine viwili: hii ni theluthi. Anafikiri kwa sauti, watoto wamsikie akijiuliza kwa nini sita na si tano. Mfano wa pili anauanza yeye, darasa linaumalizia kwenye madaftari. Wa tatu kila mtoto peke yake, naye anapita akichungulia. Mbele ya mkaguzi aliyekuja na karatasi yake ya kutia tiki, hili ni somo lililopitwa na wakati, kwani mwalimu ameongea nusu ya kipindi. Lakini waliokokotoa ni watoto 60, si kumi walioshika kalamu.

Kwa nini iwe hivyo? Akili inapokutana na jambo geni hulishughulikia mahali padogo sana, panapobeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. John Sweller, mtafiti wa Australia, alieleza mwaka 1988 kwamba mwanafunzi anayepambana na swali gumu bila kuonyeshwa njia humaliza nguvu zake katika kulitafuta jibu, asibakiwe na za kujifunza ule utaratibu. Mwaka 2006 yeye na wenzake Paul Kirschner na Richard Clark walichapisha makala iliyozua ubishi mkubwa, wakisema kwamba kumwachia mwanafunzi mgeni agundue kwa mwongozo mdogo ni njia dhaifu ya kumfundisha. Wapenzi wa makala hiyo, nao wapo, huisoma nusu. Sweller mwenyewe, pamoja na watafiti wengine, alikwisha kuonyesha upande wa pili: yule ambaye tayari anajua, ukimpitisha hatua kwa hatua katika jambo asilohitaji kuonyeshwa, unamchelewesha. Msaada uliombeba mgeni unamlemea mwenyeji. Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaotaka turudi kwenye chaki na ubao kwa kila kitu.

Tazama mada ya maji kujaa na kupwa. Darasa likiwa Mtongwe, mwalimu akianza kwa kuchora jua, mwezi na dunia ubaoni na kueleza nguvu ya mvutano, ameutupa mtaji alionao mbele yake. Mtoto ambaye baba yake au jirani yake anavua anajua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Anayevuka feri ya Likoni anajua kuna saa ambapo mteremko wa kushukia chomboni huwa mkali na mikokoteni husukumwa kwa taabu, na kuna saa ambapo mtu anatembea karibu sawasawa. Wanajua bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kwamba saa ya leo si ya kesho, imesogea mbele kwa kama dakika 50. Darasa kama hilo unaliuliza tu: kama bamvua huja mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, basi mwezi una kazi gani na bahari? Halafu unanyamaza. Watabishana, na ubishi utakuwa wa kweli kwa kuwa kila mmoja amekuja na kitu chake. Mchoro wa ubaoni ukija baada ya hapo, unakuja kujibu swali lao.

Peleka somo hilohilo kwa watoto wa Nakuru ambao bahari wameiona pichani. Kuanza nao kwa mjadala ni kuwadhulumu. Wao waonyeshwe kwanza, waambiwe, wapewe jedwali la saa za kujaa na kupwa walisome, kisha ndipo waulizwe. Mada ni moja, umri ni mmoja, mbinu ni mbili.

Kuna pingamizi moja zito, nalo linatoka kwa Manu Kapur, ambaye utafiti wake mwingi aliufanya Singapore. Ameonyesha kwamba wanafunzi wanaopewa swali gumu kabla ya kufundishwa, wakahangaika nalo na hata wakashindwa, kisha wakafundishwa, huielewa dhana kwa kina kuliko waliofundishwa tangu mwanzo. Nalikubali. Ila lisomwe pamoja na masharti yake. Wanafunzi wale walikuwa na maarifa ya kutosha kubuni majaribio yenye maana, na baada ya mahangaiko mwalimu alisimama akafundisha waziwazi, akiyalinganisha majaribio yao na njia sahihi. Kwetu, sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoliwa na kengele. Tunabaki na mahangaiko matupu.

Kisha kuna lugha, na hapa Pwani tuna aibu yetu wenyewe. Kila mbinu ya majadiliano humdai mtoto awe na lugha ya kujadiliana. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, iliyoundwa na serikali kuangalia malengo na sera za elimu, ilipendekeza madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo, na huo umebaki kuwa msimamo wa serikali. Sehemu nyingine za nchi zinaweza kulalamika kwamba darasa lina lugha nne na vitabu havipo. Mombasa haina kisingizio hicho. Lugha ya eneo ni Kiswahili: ndiyo ya Kongowea sokoni, ya ndani ya matatu, ya watoto uwanjani wakati wa mapumziko. Hata hivyo, mapema mno Hisabati na shughuli za mazingira zinaingizwa kwenye Kiingereza, na wazazi wengine ndio wanaoshangilia kwa kuwa wanadhani Kiingereza ndiyo elimu yenyewe. Mtoto anaambiwa ajadiliane na mwenzake kwa lugha ambayo hajaweza kuitumia hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Wanaonyamaza hawana ujinga wowote. Hawana maneno. Kikundi kinaishia mikononi mwa wawili wanaosemeshwa Kiingereza nyumbani.

Miaka ya 1990 kule Busia na Teso ulifanywa utafiti ambao kila anayechagua vifaa vya darasani angeusoma. Shule kadhaa ziligawiwa vitabu vya kiada, watafiti wakangoja alama zipande. Matokeo, yaliyochapishwa na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin mwaka 2009, yalikuwa kwamba wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele. Maelezo ya watafiti hayakuwa na fumbo: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na kiwango chake kiliwapita watoto wengi wa madarasa yale. Kitabu ni kizuri na mtoto ni mzuri, ila kati yao pana pengo. Ndivyo ilivyo kwa majadiliano. Mimi ningewaacha watoto wajadiliane kwa Kiswahili mpaka jambo limekaa, kisha mwalimu alete maneno ya Kiingereza yanayohitajika kwenye mtihani na kuyafundisha kama maneno. Najua wapo walimu wanaofanya hivyo kimyakimya, mlango ukiwa umefungwa.

Michael Kremer huyohuyo, pamoja na Esther Duflo na Pascaline Dupas, walifanya jaribio jingine magharibi mwa Kenya lililoanza mwaka 2005 katika shule 121. Kila shule ilipata mwalimu wa ziada, darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Katika takriban nusu ya shule mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, katika nyingine watoto waligawanywa kwa alama zao za awali. Wengi tungetarajia wale waliowekwa upande wa chini wazidi kudidimia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalisema kinyume chake: wa juu na wa chini, wote waliwapita wenzao wa madarasa yaliyochanganywa. Sisemi tuwatenge watoto wetu. Kuna majeraha ya kutengwa ambayo mtihani hauyapimi, na mwana kuitwa wa darasa la wajinga ni jambo linalomfuata mpaka utu uzima. Ninachokichukua hapo ni sababu. Mwalimu alipojua yuko na nani, aliweza kufundisha kuanzia pale walipo.

Mombasa haihitaji kuagiza wazo hili kutoka ng'ambo. Chuo cha Kurani, cha Kibokoni au cha Majengo, tumezoea kukitaja kama mfano wa kukariri bila kufikiri, na kwa upande wa maana lawama hiyo ina ukweli: mtoto aliweza kuhitimu msahafu bila kujua alichokisoma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), mwanachuoni wa Mombasa, aliliona hilo mapema, ndiyo sababu aliandika mambo ya dini kwa Kiswahili na kudai mageuzi ya elimu kupitia gazeti lake la Al-Islah. Lakini angalia mpango wa kufundisha wa chuo chenyewe. Kila mtoto ana somo lake. Huyu yuko kwenye alifu, be, te. Yule wa umri wake ameshaingia juzuu ya Amma. Maalim anamsikiliza mmoja mmoja, akikosea anarudishwa papo hapo. Mkubwa anamsomesha mdogo. Hakuna anayefunuliwa ukurasa mpya kabla hajaujua wa nyuma, na kila siku kuna kudurusu. Watoto hao hao asubuhi wanakaa kwenye darasa la watu 60 ambako wote wako ukurasa wa 47, aliyejua na asiyejua, kwa sababu ndivyo azimio la kazi linavyosema.

Na kudurusu kwenyewe, jambo tunalolidharau, lina ushahidi wake. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma habari wakairudia kuisoma walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini wiki moja baadaye waliokuwa mbele ni wale waliofunga kitabu na kujaribu kuikumbuka. Haihitaji vifaa. Dakika tano za mwanzo wa kipindi, madaftari yamefungwa, andika mambo matatu ya juzi. Mwalimu anapata faida mbili: watoto wanakumbuka, naye anajua wako wapi kabla hajachagua atakachofanya kwa dakika 30 zilizobaki.

Maana hapo ndipo uchaguzi wa mbinu unapokwamia. Tunachagua Jumapili jioni, mbali na watoto, halafu siku ya somo tunauliza, "Tumeelewa?" na darasa linajibu kwa mapigo, "Ndiyooo, mwalimu!" Itikio hilo halina habari yoyote ndani yake. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani kuanzia miaka ya 1960, aligundua kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka na waliojibu wakaongezeka. Jaribu kusubiri sekunde tatu mbele ya watoto 60 na utaona jinsi zilivyo ndefu. Njia nyingine ni vidole kifuani: jibu ni 1, 2 au 3, kila mtoto aonyeshe vidole vyake mbele ya kifua asimwonyeshe jirani. Kwa mtazamo mmoja mwalimu ameona kama ni watano au arobaini waliopotea. Wakiwa watano, darasa liendelee na vikundi na hao watano waje mbele. Wakiwa arobaini, mpango wa vikundi uwekwe kando, arudie kuonyesha.

Wapo watakaosema mwalimu wa shule ya umma hana nafasi ya kuamua yote hayo, apewe tu maandalio yaliyokamilika. Tusome, mpango wa kusoma ulioingia shule za umma mwaka 2015, ulifanya karibu hivyo: miongozo iliyopangwa siku kwa siku, mwalimu anaonyesha, wanafanya pamoja, mtoto anafanya mwenyewe, na kila mtoto na kitabu chake. Kwa kufundisha kusoma hatua za kwanza, ulifanya kazi nzuri, na waliouita kasuku hawakuwa wamekaa na mtoto wa darasa la kwanza asiyejua herufi. Hata hivyo mwongozo hauwezi kujua kwamba jana mvua ilinyesha na nusu ya darasa la Mikindani haikufika.

Jambo linalonikera zaidi ni nani anayelipia makosa haya. Mtoto wa Nyali, mtaa wa wenye uwezo, aliyeshindwa kugundua chochote kikundini ana mwalimu wa nyumbani jioni. Huyo analipwa, na halipwi ili mtoto agundue. Anakaa naye mezani, anamwonyesha mfano, anamsimamia wa pili, anamwachia wa tatu. Mtoto wa Jomvu anarudi nyumbani na 2/5 yake. Tukisifia darasa ambalo mwalimu hafundishi, tunachofanya ni kuhamisha kufundisha kutoka shuleni kwenda kwa yeyote anayeweza kukulipia, kisha tunashangaa matokeo ya Gredi ya 9 yanapofuata mitaa.

Marekebisho si makubwa. Kwenye andalio, juu ya nafasi ya mbinu, iwekwe nafasi moja zaidi: wanafunzi wanajua nini tayari, na umejuaje. Ijazwe kwanza. Walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Shanzu wanapopelekwa shuleni kwa mazoezi, waulizwe kwa nini wamechagua kuonyesha au kujadili, na waruhusiwe kujibu kwamba somo la leo halikuhitaji vikundi. Nao wanaokuja kukagua waache kuhesabu dakika alizoongea mwalimu. Wachukue madaftari matano kutoka safu ya nyuma kabisa, wayafungue kwenye kazi ya siku hiyo, wasome.